Mtoto Anapopoteza Alichokwisha Kukijua

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana, kwa sehemu kubwa kabla mtoto hajazaliwa, na hujidhihirisha katika namna mtu anavyowasiliana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyoshikamana na mambo au mienendo fulani kwa nguvu kuliko ilivyo kawaida. Kwa kuwa hali hii ni tofauti ya ukuaji wala si maradhi yanayoula ubongo hatua kwa hatua, tarajio la kitabibu ni kwamba mtoto mwenye usonji ataendelea kujifunza, hata kama atajifunza polepole au kwa mpangilio usiofanana na wa wenzake. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa na maneno kumi kisha akanyamaza, au kijana aliyekuwa akivaa mwenyewe kisha akasimama mbele ya shati lake asijue pa kuanzia, huwatatiza wazazi na hata wataalamu, maana jambo hilo haliendani na maelezo waliyopewa. Jibu linalotolewa mara kwa mara, kwamba usonji "umezidi", halielezi chochote. Usonji aliokuwa nao mtoto mwezi uliopita ndio alio nao leo, na kwa hiyo hauwezi peke yake kujibu swali linalopaswa kuulizwa kwanza, yaani kwa nini mabadiliko haya yametokea sasa.

Upotevu wa stadi, au kurudi nyuma kama wazazi wengi wanavyouita, hutokea katika vipindi viwili vya maisha ambavyo havipaswi kuchanganywa, kwa kuwa vina sababu tofauti na vinadai hatua tofauti. Kipindi cha kwanza ni cha utotoni kabisa, kati ya miezi 15 na 30, na mara nyingi hutangulia utambuzi wa usonji wenyewe. Uchambuzi uliojumuisha matokeo ya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba takriban theluthi moja ya watoto wenye usonji hupitia hali hiyo, na kwamba wastani wa umri inapoonekana ni kama miezi 21. Kinachopotea ni maneno machache ambayo mtoto ameanza kuyatumia, pamoja na zile ishara ndogo za kijamii zinazotangulia maneno: kugeuka anapoitwa, kunyoosha kidole ili na mwingine atazame, kupunga mkono wa kwaheri, kumtafuta mama kwa macho kabla ya kucheka. Kutembea, kupanda viti na kushika vitu kwa kawaida hubaki salama. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu mtoto anayepoteza pia uwezo wa kutembea au wa kutumia mikono anapaswa kuchunguzwa kwa maradhi mengine kabla ya yeyote kutamka neno usonji.

Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walizitilia shaka simulizi za wazazi kuhusu kipindi hiki, wakidhani kwamba huzuni ya utambuzi huipamba kumbukumbu na kumfanya mtoto wa jana aonekane mwepesi kuliko alivyokuwa. Mwaka 2005 Emily Werner na Geraldine Dawson, waliokuwa Chuo Kikuu cha Washington, walichapisha utafiti uliolinganisha kanda za video za siku ya kuzaliwa ya kwanza na ya pili za watoto wenye usonji, na ikabainika kwamba wazazi walisema kweli: watoto walioripotiwa kurudi nyuma walikuwa wakitoa sauti na maneno kama wenzao walipotimiza mwaka mmoja, lakini walipotimiza miwili walifanana na watoto wengine wenye usonji. Miaka mitano baadaye Sally Ozonoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walileta upande wa pili wa habari hiyo. Waliwafuatilia watoto wachanga tangu umri wa miezi 6, wengi wao wakiwa wadogo wa watoto waliokwisha kutambuliwa kuwa na usonji, na wakaona kwamba kutazama nyuso na kutabasamu kulipungua taratibu, mwezi baada ya mwezi, kwa watoto waliokuja kutambuliwa baadaye, ilhali wengi wa wazazi wao hawakuwa wameona upotevu wowote. Kinachoitwa ghafla, basi, mara nyingi ni ghafla ya jicho lililotambua, wala si ya ubongo wa mtoto.

Tafiti hizo zina matumizi ya moja kwa moja nyumbani, kwa kuwa familia nyingi leo zina kumbukumbu ambayo kadi ya kliniki, yenye hasa uzito na chanjo, haijawahi kuwa nayo. Simu ya mzazi huhifadhi video fupi fupi zenye tarehe, na zikipangwa kwa mfuatano huweza kuonyesha kile ambacho maelezo ya mdomo hayakifikii. Katika video ya miezi kumi na moja mtoto hugeuka kabla jina lake halijamalizika kutamkwa. Katika ya miezi kumi na minne hugeuka anapoitwa mara ya tatu. Katika ya kumi na saba hageuki kabisa, lakini karatasi ya biskuti ikichakarishwa nyuma yake huja mbio. Daktari anayetazama mfuatano wa namna hiyo hupata mambo mawili kwa pamoja, yaani muda ambao mabadiliko yamechukua na dalili ya kwamba masikio yanafanya kazi, ingawa kipimo cha usikivu hakipaswi kurukwa kwa sababu ya biskuti.

Katika kutafuta tarehe ya mabadiliko ndipo panapozaliwa pia kosa lililowagharimu watoto wengi. Mwaka 1998 daktari Mwingereza Andrew Wakefield alichapisha katika jarida la The Lancet makala iliyohusu watoto 12 na kudokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na kurudi nyuma kwa watoto. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo mwandishi wake akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukukuta ongezeko lolote la usonji kwa waliochanjwa. Hata hivyo hofu haikufutika pamoja na makala, na sababu yake inaeleweka: nchini Kenya na Tanzania dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, katikati kabisa ya kipindi ambacho kurudi nyuma huonekana, kwa hiyo mambo hayo mawili yatakutana katika familia nyingi bila moja kulisababisha lingine. Mzazi anayelikumbuka tukio la sindano kwa sababu mtoto alilia na kupata homa hana namna rahisi ya kuikumbuka siku ambayo mtoto aliacha kunyoosha kidole.

Yapo maradhi machache yanayofanana na usonji kwa upotevu wa stadi, na ni machache kweli, lakini yanahitaji kujulikana kwa kuwa kila moja lina alama yake. Ugonjwa wa Rett, ulioelezwa na Andreas Rett wa Vienna mwaka 1966 na ambao jeni lake kuu, MECP2, lilitambuliwa mwaka 1999, huwapata karibu wasichana pekee. Mtoto hukua vizuri hadi kati ya miezi 6 na 18, kisha hupoteza matumizi ya mikono na kuanza kuisugua au kuipotoa mbele ya kifua kama anayefua nguo. Ugonjwa wa Landau-Kleffner, ulioelezwa mwaka 1957, huja baadaye, kwa kawaida kati ya miaka mitatu na saba: mtoto aliyekuwa akizungumza huacha kwanza kuelewa anachoambiwa, akaonekana kama kiziwi, kisha huacha pia kusema. Chanzo chake ni mvurugiko wa umeme wa ubongo unaozidi mtoto akiwa usingizini, na kwa sababu hiyo kipimo cha umeme wa ubongo kilichofanywa mtoto akiwa macho kinaweza kurudi kikiwa safi na kuipotosha familia nzima. Mtoto wa miaka minne au mitano anayepoteza lugha anastahili kipimo cha usingizini hata kama hajawahi kuanguka kifafa.

Afrika Mashariki ina swali la nyongeza, nalo ni la malaria. Mwaka 2006 kundi la watafiti lilichapisha taarifa ya watoto na vijana 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya utafiti vya usonji. Watatu walikuwa wamekua kawaida hadi miezi 22, 35 na 42, na dalili zikaanza walipopona malaria kali iliyoandamana na homa ya muda mrefu na degedege. Kwa wengine wanne malaria na usonji vilikaribiana kwa wakati, lakini watafiti wenyewe walionya kwamba huenda ikawa sadfa. Taarifa ya watu wachache kiasi hicho haithibitishi kwamba malaria ni chanzo cha kawaida cha usonji, na ingekuwa makosa kuitangaza hivyo. Inachofanya ni kumlazimisha mchunguzi kuuliza kwa makini kuhusu homa: ilianza lini, mtoto alipoteza fahamu kwa muda gani, na siku alipotoka hospitali alikuwa na maneno mangapi. Maswali hayo si mepesi katika maeneo ya pwani, ambako degedege kwa muda mrefu imehusishwa na shetani mwenye umbo la ndege, na ambako huenda mtoto alipelekwa kwa mganga kwanza, jambo ambalo mzazi hatalisema mbele ya daktari anayemdhihaki.

Kipindi cha pili cha upotevu ni kile kinachomkuta mtoto aliyekwisha kutambuliwa kuwa na usonji, akiwa na miaka sita, tisa au kumi na tano, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Sababu ya kupuuzwa ni utambuzi wenyewe. Mtoto asiye na usonji akianza ghafla kujipiga taya, atafunguliwa mdomo na kuangaliwa meno. Mwenye usonji akifanya hivyohivyo, ataambiwa ndiyo tabia ya wenye usonji, na pengine ataandikiwa dawa ya kumtuliza. Jina la hali moja huwa limezifunika hali nyingine zote. Kanuni ya busara ni kuanza na mwili, kwa sababu watoto hawa huumwa kama wengine lakini wengi wao hawana njia ya kusema wanaumwa wapi, na baadhi hupokea maumivu kwa namna ambayo haionekani usoni.

Kufunga choo ni mfano unaostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa huwahadaa hata walezi makini. Mtoto mwenye mlo mwembamba, anayekula wali mweupe, chapati na chai na kukataa mboga na matunda, hupata choo kigumu. Akijisaidia huumia, na kwa kuogopa kuumia huzuia. Kinyesi hurundikana na kuutanua utumbo mpana hadi hisia ya kutaka kwenda haja hufifia, kisha choo chepesi huanza kupenya pembeni ya mrundikano na kuvuja katika nguo bila mtoto kujua. Nyumbani huonekana mtoto ambaye amesahau kutumia choo, ambaye kwa hesabu ya kawaida anaharisha, na ambaye sasa anapiga kelele usiku na kuwauma wadogo zake. Akipewa dawa ya kuzuia kuhara, hali huzidi. Akirudishiwa nepi na kukaripiwa, hujifunza tu kwamba choo ni mahali pa aibu. Anachohitaji ni mtaalamu wa afya atakayelipapasa tumbo na kutoa dawa ya kulainisha choo kwa kipimo sahihi, tena kwa miezi kadhaa, kwa maana utumbo uliotanuka haurudi katika ukubwa wake kwa wiki mbili.

Mlo huohuo mwembamba unaweza kuleta jambo la kushangaza zaidi. Kiseyeye, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C unaodhaniwa kuwa ulikwisha pamoja na mabaharia wa zamani, bado hukutwa kwa watoto wenye usonji waliopunguza vyakula hadi viwili au vitatu, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa mtoto kukataa kutembea. Yameandikwa matukio ya watoto waliopitishwa katika vipimo ghali vya uti wa mgongo na viungo kabla mtu hajauliza wanakula nini na kuangalia fizi zao. Jino bovu, sikio lenye usaha, kiungulia na maumivu ya hedhi kwa wasichana walioanza kubalehe hujitokeza kwa njia zisizotabirika vilevile, ingawa hedhi ina faida ya kujirudia kwa tarehe, na kalenda ya ukutani huweza kuifichua ndani ya miezi mitatu.

Kifafa kina nafasi yake ya pekee, kwa sababu huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine, na huwa na misimu miwili ya kuanza, utotoni na wakati wa balehe. Si kila kifafa humwangusha mtu. Kinaweza kuwa sekunde chache za kukodoa macho, kutafuna bila chakula au kuchanganyikiwa baada ya usingizi, na mwalimu akadhani mwanafunzi ameacha kusikiliza. Dawa nazo zina yao: fenobarbitali, ambayo hutumika sana kwa kuwa ni ya bei nafuu, inajulikana kuleta ukali na kutotulia kwa baadhi ya watoto, kwa hiyo tabia iliyobadilika wiki chache baada ya dawa kuanzishwa au kuongezwa ni habari ya kumpelekea daktari. Dawa ya kifafa haisimamishwi ghafla na familia, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kuleta mfululizo wa degedege wa kutishia maisha.

Mwili ukishachunguzwa, kinachofuata ni mazingira. Dada wa kazi aliyemlea mtoto miaka minne akirudi kwao, familia ikihama, mwalimu akibadilishwa, au mwezi wa Ramadhani ukibadili saa za kula na kulala, mtoto anayeishi kwa kutegemea utaratibu huweza kupoteza kwa muda stadi ambazo zilikuwa zimeshikamana na utaratibu huo. Tofauti na kinachotokea utotoni, hapa ujuzi mara nyingi haujafutika; kinachokosekana ni nguvu au mazingira ya kuutumia, na mtoto asiyeweza kuvaa asubuhi ya shule anaweza kuvaa bila shida Jumapili mchana. Watu wazima wenye usonji wameieleza hali hiyo kwa undani, na mwaka 2020 Dora Raymaker na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliotokana na maelezo yao: uchovu mkubwa wa muda mrefu, kwa kawaida wa miezi mitatu au zaidi, unaoandamana na kupoteza stadi na kushindwa kuvumilia sauti na mwanga, na unaotokana na kuishi chini ya matakwa yanayozidi uwezo bila msaada wa kutosha. Miongoni mwa matakwa hayo ni kujificha, yaani kujilazimisha kutwa nzima kuonekana kama wengine. Mwanafunzi anayesifiwa shuleni kwa utulivu na kuvunja vyombo afikapo nyumbani hayuko mbali na uchovu huo, na sifa za shule hazipaswi kutumiwa kuwashuku wazazi.

Katika ujana huongezeka hali iitwayo katatonia, ambamo mwendo na utashi wa kuanza tendo huvurugika. Kijana hukwama mlangoni, hushika kijiko hewani kwa dakika nyingi, hujibu swali baada ya kimya kirefu au haongei tena, na hawezi kuendelea mpaka aguswe au aambiwe. Lorna Wing na Amitta Shah wa Uingereza waliripoti mwaka 2000 kwamba asilimia 17 ya watu wenye usonji wa miaka 15 na zaidi waliofikishwa katika kliniki yao walikuwa nayo kwa kiwango kikubwa. Hicho ni kipimo cha waliopelekwa kliniki, si cha wote. Mara nyingi huchukuliwa kuwa uvivu au ukaidi, ingawa ina matibabu yanayojulikana, hasa dawa ya lorazepamu, na ikifikia mtu kuacha kula na kunywa huwa ni dharura ya hospitali. Linabaki jambo ambalo familia nyingi hazitaki kulisema: mtoto asiyeweza kusimulia ni shabaha rahisi ya ukatili wa kimwili na wa kingono, na hofu mpya ya mtu fulani, chumba fulani au ya kuvuliwa nguo haiwezi kuwekwa kapuni kama tabia ya usonji.

Utafiti uliofanywa katika kaunti za pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wazazi walitaja mashetani, uchawi na laana pamoja na maambukizi, matatizo ya kuzaliwa na urithi kuwa vyanzo vya usonji, na kwamba walitafuta tiba kwa waganga, makanisani na hospitalini kwa wakati mmoja. Mchanganyiko huo si wa kubezwa. Sala haimzuii mtu kwenda kwa daktari wa meno. Kinachodhuru ni kumfunga mtoto kamba, kumnyima chakula, kumfukiza moshi na kumchelewesha hospitali, na mhudumu wa afya anayejadili hayo manne bila kuigusa imani husikilizwa zaidi kuliko anayeanza na imani.

Familia inayokwenda hospitali hupata msaada mkubwa zaidi ikiwa imeandika, badala ya kusema tu kwamba mtoto amebadilika, siku mabadiliko yalipoanza, stadi zilizopotea kwa majina yake, usingizi, choo, chakula, dawa, na lolote lililotokea nyumbani au shuleni katika wiki zilizotangulia. Kupoteza fahamu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, maumivu ya kichwa yenye kutapika asubuhi, kushindwa kutembea au kumeza, na upotevu wa lugha baada ya umri wa miaka mitatu havingoji tarehe ya kliniki ijayo.

Namna stadi zinavyorudi hutegemea kilichoziondoa. Baada ya jino kung'olewa, mtoto anaweza kuwa mwingine ndani ya siku chache. Baada ya uchovu wa muda mrefu hupita miezi, na hakuna kinachoharakisha isipokuwa kupunguza matakwa. Watoto waliopoteza maneno utotoni wengi hupata maneno tena, wengine kwa kuchelewa sana, na picha au ishara za mikono wanazopewa wakati wa kusubiri hazizuii usemi kurudi, kinyume na hofu ya wazazi wengi. Shuleni urejeaji huu hujaribu subira kwa sababu haufuati mstari: kusoma kunaweza kurudi kabla ya kufunga vifungo, na somo lililowezekana Jumatatu likashindikana Alhamisi. Mwalimu anayeona siku mbili nzuri na kurudisha ratiba yote kwa mara moja kwa kawaida hulazimika kuipunguza tena kabla muhula haujaisha, na safari hiyo ya pili huwa ndefu kuliko ya kwanza.